Divai Ilipata Barabara, Busaa Ikapata Msako

Barabara kuu itokayo Kisumu hupita Khayega, kama kilomita 10 kabla ya kuingia mji wa Kakamega. Msafiri akishuka hapo, mwendo mfupi unatosha kumfikisha kwenye mambo mengi. Kuna misheni ya Kikatoliki ya Mukumu, iliyoanza mapema karne ya 20. Kuna Jiwe la Machozi la Ilesi, mwamba wa takriban mita 40 uliobeba jiwe jingine kichwani, na maji huutiririka usoni kama mtu aliyefiwa. Kuna wafinyanzi wa Ilesi na vyungu vyao. Kuna viwanja ambamo mafahali wa Waisukha, wenyeji wa hapa, hukutanishwa pembe kwa pembe alfajiri, kabla jua halijakaza. Lakini kitu kimoja kinachoviunganisha vyote hivi hakimo kwenye ramani ya watalii. Nacho ni busaa, pombe ya nafaka.

Ufaransa ingeshughulikia jambo hili kwa namna nyingine. Mwaka 1937 jimbo la Burgundy lilizindua barabara ya watalii kupitia mashamba yake ya mizabibu, kutoka Dijon hadi Santenay, umbali wa kama kilomita 60. Jimbo la Alsace likafuata mwaka 1953. Leo mgeni hupanda basi dogo asubuhi akiwa na mwongozaji, akapelekwa kwenye mashamba mawili matatu, akateremshwa kwenye maghala ya chini ya ardhi yenye baridi na mapipa ya mwaloni. Huko hufundishwa kuinua bilauri kwenye mwanga, kuizungusha, kunusa kwanza, kisha kuonja funda dogo na, akitaka, kulitema kwenye ndoo ili awe na akili timamu kwenye shamba linalofuata. Jioni hurudi hotelini na chupa mbili kwenye mfuko, na jina la kijiji ambacho asubuhi hakukijua.

Mwaka huohuo wa 1937 Khayega ilikuwa katika wilaya ya kikoloni iliyoitwa North Kavirondo. Hapo pia kulikuwa na kinywaji chenye ufundi wake, wataalamu wake, vyombo vyake na adabu zake. Mgeni aliyekuja kukifuata, hata hivyo, mara nyingi alikuwa askari wa chifu. Kwa nini kinywaji kimoja kilijengewa barabara na kingine kikatumiwa msako? Jibu haliko kwenye ladha. Ukifuatilia miaka yenyewe, utalikuta kwenye sheria, na kwenye swali la sheria hizo ziliandikwa kwa ajili ya nani.

Tuanze na ufundi wenyewe. Zabibu huja na sukari yake tayari, na juu ya ganda lake hukaa hamira ya asili. Ukiziponda na kuziacha, zitachachuka zenyewe. Kazi kubwa ya mtengenezaji divai ni kuchagua udongo, kupogoa mizabibu na kuzuia mambo yasiharibike. Nafaka haina upendeleo huo. Wanga wake lazima kwanza ugeuzwe sukari, na hilo linahitaji mikono ya mtu anayejua. Mama mpishi wa busaa hulowesha wimbi, hulifunika likachipua, hulianika, kisha hulisaga. Hicho ndicho kimea. Pembeni huukanda unga kwa maji na kuuacha siku kadhaa uchachuke. Ukishakuwa tayari, huukaanga juu ya bati pana au karai, juu ya moto wa kuni, akiugeuza bila kupumzika mpaka ukawa wa kahawia na harufu yake ikavuka ua na kuwaita majirani kabla hata hawajaalikwa. Kisha huchanganya unga, kimea na maji mtungini, akaacha siku mbili au tatu. Haraka kidogo, huwa uji mtamu. Akichelewa, huwa siki. Hakuna pipa la kuisubirisha miaka 10.

Kwa hiyo busaa ilikuwa kinywaji cha siku maalumu, na siku hiyo ilipangwa mapema. Familia iliyotaka shamba kubwa lilimwe iliwaita majirani na kuwalipa kwa mtungi. Mahari haikuzungumzwa kwa koo kavu. Mtu mzima akifa, wazee walikusanyika, na kwa Waisukha na jirani zao Waidakho kifo cha mwenye mafahali kilikuwa na heshima yake ya pekee: shilembe, ambapo ng'ombe waliletwa bomani kwa ngoma na nyimbo kumuaga marehemu. Wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye chujio kwenye ncha, maji moto yakiongezwa kadiri kinywaji kilivyopungua. Nani akae wapi, nani aanze kunywa, kijana asogee lini: hayo yote yalikuwa na kanuni. Mtaalamu wa anthropolojia Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti North Kavirondo katika miaka ya 1930, aliyaandika mambo ya aina hii kwa kirefu katika kitabu chake kuhusu Wabantu wa eneo hilo, kilichotoka kwa juzuu mbili mwaka 1949 na 1956.

Vyungu navyo havikutoka mbali. Udongo wa Ilesi ulifinyangwa na wanawake, ukachomwa, ukabebwa vichwani hadi sokoni. Chungu cha kupikia ugali hakikuwa chungu cha pombe. Kila kimoja kilikuwa na mdomo na tumbo lake. Kwa hiyo mnyororo mzima, tangu mbegu ya wimbi hadi funda la mwisho, ulikuwa mikononi mwa watu wa kijiji kimoja au viwili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya wanawake.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka uliofuata sehemu hii ya nchi, iliyokuwa chini ya Uganda, ikahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Nyuma ya reli walikuja wamisionari, nao hawakuwa na neno moja kuhusu mtungi. Wamarekani wa madhehebu ya Quaker walianzisha misheni Kaimosi mwaka 1902. Kwao pombe ilikuwa adui wa roho. Aliyetaka kubatizwa aliacha busaa, akaacha tumbaku, na wengi waliombwa wahame makwao wakakae karibu na misheni ili vishawishi visiwafuate. Wamisionari wa Mill Hill, wengi wao kutoka Uholanzi na sehemu nyingine za Ulaya, walitokea upande wa Uganda walikokuwa tangu 1895. Wakashika Kisumu, Mumias, kisha Mukumu. Wao walikemea ulevi, lakini mtungi wenyewe hawakuupiga vita kwa nguvu ileile.

Pale Mukumu kulikuwa na kinywaji kingine ambacho watu wa Khayega walikiona kwa mbali. Kanisa Katoliki linataka misa isomwe kwa divai ya zabibu tupu. Isukha haikuwa na mizabibu, kwa hiyo chupa hiyo ilisafiri kwa meli, kwa treni na kwa mabega ya wapagazi hadi altareni. Ndivyo divai ilivyoingia Khayega: ikiwa takatifu, ikinywewa na padri peke yake, ikiwa nje kabisa ya mkono wa chifu. Upande wa pili wa uzio wa misheni, kinywaji kilichozaliwa papo hapo kilianza kutafutiwa sababu.

Sheria za sababu hizo zilikuwa zimeanza kuandikwa Ulaya. Mkataba wa Brussels wa 1890, pamoja na kupinga biashara ya watumwa, ulizuia pombe kali katika eneo kubwa la Afrika. Mwaka 1919 ukaja mkataba mwingine, uliotiwa saini Saint-Germain-en-Laye, nje kidogo ya Paris. Huo ulikataza kuingiza pombe kali duni za kibiashara katika makoloni ya Afrika, na ukakataza kabisa kutengeneza pombe ya kunereka katika maeneo hayo. Mkataba haukuigusa Afrika yote. Algeria haikuwemo. Algeria, bila shaka, ndiko Wafaransa walikokuwa wamepanda mizabibu kwa mamia ya maelfu ya ekari. Kufikia miaka ya 1930 nchi hiyo iliuza nje divai nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Miezi michache kabla ya mkataba huo, Mei 1919, bunge la Ufaransa lilikuwa limepitisha sheria nyingine. Hii iliwapa wakulima wa divai haki ya kwenda mahakamani kulinda jina la mahali pao. Mtu wa kwingine akiweka jina la Champagne kwenye chupa yake, mkulima wa Champagne alikuwa na pa kushitaki. Katika mwaka mmoja, basi, nchi ileile ilisaidia kuamua Mwafrika asinereke nini, na ikaamua mkulima wake alindwe namna gani.

Hakuna aliyewapa Wafaransa ulinzi huo kwa hisani. Waliupigania, na wakati mwingine kwa damu. Wadudu wa filoksera walikuwa wameangamiza mizabibu yao katika nusu ya pili ya karne ya 19. Uhaba uliwaleta wajanja: divai iliyochanganywa maji na sukari, divai ya zabibu kavu, divai ya kusini ikiuzwa kwa jina la kaskazini. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc waliandamana kwa mamia ya maelfu chini ya Marcelin Albert. Wanajeshi walipoletwa Narbonne, watu waliuawa, na kikosi kimoja cha askari kikaasi kwa kuwaonea huruma wenyeji wao. Mwaka 1911 wakulima wa Champagne walivamia maghala ya wafanyabiashara waliowashuku kuleta zabibu za mbali, wakamwaga divai mitaani. Serikali ilijibu kwa askari, lakini pia ilijibu kwa sheria dhidi ya udanganyifu. Tofauti inayotuhusu ni hiyo: divai mbaya ilipozidi, Ufaransa iliwatafuta walaghai. Haikung'oa mizabibu.

Khayega ilikuwa ikibadilika pia. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mahindi meupe yalisambaa magharibi mwa Kenya, yakachukua nafasi ya wimbi na mtama mashambani. Busaa ikayapokea: unga wa mahindi ukawa mwili wa kinywaji, wimbi likabaki kuwa kimea. Makao makuu ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega mwaka 1920, na serikali ikasogea karibu na mtungi. Machifu na maliguru, wasaidizi wao wa vijijini, wakapewa jukumu la kusimamia pombe pamoja na kodi na barabara. Katikati ya miaka ya 1920 yakaundwa mabaraza ya wenyeji yaliyoweza kupitisha kanuni ndogondogo, zikiwemo za pombe. Nairobi nayo ilipata njia ya pesa: manispaa ilihodhi uuzaji wa pombe ya Waafrika kule Pumwani, faida ikaenda kwenye huduma za mitaa ya Waafrika, na mwanamke aliyepika pembeni akawa mhalifu aliyeinyima manispaa mapato.

Wakati huohuo kikazaliwa kiwanda cha Kenya Breweries, mwaka 1922. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumbukumbu yake. Mwafrika aliweza kukokota makreti, kuyapakia garini na kuosha chupa. Kuinywa hakukuruhusiwa mpaka mwaka 1947. Kwa robo karne, kwa hiyo, mtu wa Khayega alikuwa na kinywaji kimoja ambacho hakukatazwa kabisa, nacho ndicho kilichokuwa kikibanwa kila mwaka kwa vibali, saa na siku.

Ndipo dhahabu ikaonekana. Mwaka 1931 L. A. Johnson, mlowezi kutoka Marekani, alipata dhahabu karibu na Kakamega, na habari zikasambaa wakati ambapo bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka na walowezi wengi walikuwa hohehahe. Wakaja kwa magari, kwa mikokoteni, wengine kwa miguu. Mwaka 1932 serikali iliibadilisha sheria ya ardhi za wenyeji iliyokuwa haijatimiza miaka mitatu, ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa madini na mwenyewe alipwe fedha badala ya kupewa ardhi nyingine. Huko London jambo hilo lilizua kelele bungeni. Huku Kakamega lilizua mashimo. Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulifanya kazi kuanzia 1935 hadi 1952.

Mgodi unamaanisha maelfu ya vijana wanaolipwa fedha taslimu, walio mbali na mama zao, wenye kiu jioni. Busaa ya kuwaita majirani walime haikuweza kubaki ilivyokuwa. Ikapimwa kwa kibuyu, kwa mkebe, kwa senti. Mwanamke aliyekuwa akipika kwa ajili ya msiba sasa aliweza kupika kila wiki na akapata kodi ya nyumba, chumvi na karo. Wazee walilalamika kwamba vijana wanakunywa bila kukaribishwa. Wamisionari walilalamika kwamba watu wanakunywa Jumapili. Serikali ililalamika kwamba wachimbaji hawaamki Jumatatu. Malalamiko yote matatu yalikuwa na ukweli ndani yake, na yote matatu yaliishia mlangoni mwa mwanamke yuleyule. Mwaka 1942, katika nchi ya jirani ya Watiriki, Zakayo Kivuli alianzisha kanisa la African Israel Nineveh, na katika kanuni zake pombe ikakatazwa. Sasa msimamo dhidi ya mtungi haukuwa wa wageni peke yao.

Turudi Ufaransa kidogo, kwa kuwa miaka ya dhahabu ya Kakamega ndiyo miaka ambayo divai ilipata umbo tunalolijua. Julai 1935 Joseph Capus, mwanasiasa kutoka nchi ya Bordeaux aliyewahi kuwa waziri wa kilimo, alifanikisha amri iliyounda chombo cha kusimamia majina ya mahali yaliyodhibitiwa. Mwaka 1936 majina ya kwanza yakatangazwa, yakiwemo Arbois, Cassis na Châteauneuf-du-Pape. Kila jina lilikuja na masharti: mipaka ya shamba, aina ya mizabibu, kiasi cha juu cha mavuno kwa hekta, kiwango cha chini cha kileo. Jambo la kuzingatia ni nani aliyeyaandika. Masharti yalipendekezwa na wakulima wenyewe kupitia vyama vyao, serikali ikayapa nguvu ya sheria. Pale Châteauneuf-du-Pape wakulima walikuwa wamejiwekea masharti yao tangu miaka ya 1920, kabla ya serikali kuamka.

Barabara ya Burgundy ya 1937 ilizaliwa juu ya msingi huo. Mwongozaji anaweza kusimama mbele ya ukuta wa mawe na kusema, upande huu kijiji hiki, upande ule kile, kwa sababu mstari uko kwenye sheria. Mgeni hununua uhakika kabla hajanunua divai. Basi la watalii ni hatua ya mwisho ya kazi ndefu ya mahakama, maandamano na vikao vya vyama vya wakulima. Halikuwa hatua ya kwanza.

Khayega nayo iliingia uhuru mwaka 1963 na mtungi wake bado uko kwenye daftari la kikoloni. Kwa muda vilabu vya busaa vilipewa leseni, na mwaka 1971 ikatungwa sheria ya pombe za kienyeji. Klabu ilikuwa na benchi, mapipa, mhudumu na kelele za redio. Ilikuwa nusu ya mahali pa zamani na nusu ya baa ya mjini: mirija ilikuwepo, lakini waliokaa kuuzunguka mtungi hawakuwa wa ukoo mmoja. Pamoja nayo ilistawi chang'aa, pombe ya kunereka. Ujuzi wa kunereka unahusishwa sana na askari Wanubi wa jeshi la kikoloni, walioishi Kibera na kwenye vituo vingine vya Afrika Mashariki. Kwa mpishi, chang'aa ilikuwa na hesabu nzuri. Haiharibiki kwa siku tatu. Hubebeka kwenye chupa ya plastiki. Hufichika.

Na hapa ndipo sheria ilipofanya kosa lililodumu kizazi kizima. Chini ya Rais Daniel arap Moi vilabu vya busaa vilifungwa kwa amri, na mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Marufuku hukitesa zaidi kinywaji kikubwa, kinachonuka na kinachohitaji moto wa saa nyingi. Harufu ya unga unaokaangwa, iliyokuwa mwaliko, ikawa ushahidi. Mtungi wa lita nyingi hauwezi kukimbizwa msituni polisi wanapobisha, chupa huweza. Kwa hiyo busaa nyepesi iliumia na chang'aa kali ikapata soko. Mama aliyemwaga mtungi wake alfajiri, akilipa hongo mchana na faini mwishoni mwa mwezi, alibaki na sababu ndogo ya kusubiri siku tatu ili kimea kifanye kazi yake.

Kizani hakuna wa kukagua. Sumu iliingia. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2005 wakafa wengine Machakos. Mei 2014 vifo vya makumi ya watu viliripotiwa katika kaunti kadhaa ndani ya siku chache, na Februari 2024 msiba ukatua Kirinyaga. Methanoli si zao la mtungi wa busaa. Ni kemikali ya viwandani inayoongezwa na mtu anayetaka faida ya haraka, kama vile maji na sukari vilivyoongezwa kwenye divai ya Languedoc, isipokuwa hii huua na kupofusha. Kila baada ya msiba, hata hivyo, msako ulikwenda pia kwa mpishi wa busaa, ambaye hajawahi kuona pipa la methanoli.

Sheria ya mwaka 2010 ilijaribu kugeuza mambo. Wakenya huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha aliyeiwasilisha. Iliondoa marufuku ya chang'aa, ikaweka saa za kunywa kuanzia saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana wikendi, na mwisho saa 5 usiku. Ilitaka chang'aa iuzwe kwenye chupa za kioo, na ikakataza kileo kuuzwa kwa ujazo ulio chini ya mililita 250. Nia ilikuwa njema: kinywaji kionekane, kipimwe, kilipe kodi. Lakini sheria iliandikwa ikimfikiria mwenye kiwanda. Anayepika mitungi miwili kwa wiki hana mashine ya kufunga vizibo wala maabara. Na busaa, ukiifungia chupani ikiwa hai, huendelea kuchachuka mpaka chupa ikapasuka au kinywaji kikawa siki. Kinywaji cha kunywewa mtungini siku moja hakikuwa na ukurasa wake. Katiba mpya ilipozipa serikali za kaunti kazi ya leseni za pombe kuanzia 2013, Kakamega ilipata nafasi ya kuandika ukurasa huo. Mwaka 2015 amri ya Rais Uhuru Kenyatta dhidi ya pombe haramu ikarudisha misako kwenye vichwa vya habari, na mazungumzo ya ufundi yakazimwa tena na picha za madumu yakimwagwa.

Wakati huohuo dunia ilikuwa ikivitambua vipande vingine vya siku ileile ya Kiisukha. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka uliofuata shirika hilohilo liliorodhesha mashamba ya Burgundy, na vilima, nyumba na maghala ya Champagne, kuwa urithi wa dunia. Isukuti inasifiwa kwa kuwa hupigwa kwenye harusi, misiba na michezo ya mafahali. Hizo ndizo siku ambazo mtungi ulikuwepo. Ngoma imepata hadhi. Mtungi uliokuwa katikati ya duara la wachezaji haumo kwenye hadithi.

Mafahali wenyewe tayari huvuta wageni. Fahali hulishwa vizuri na kutengwa, akapewa jina na sifa, akasindikizwa uwanjani kwa Isukuti, na wako wanaomwonjesha busaa ili apandwe na mori. Hakuna mtu mwenye upanga. Mafahali wawili hupimana nguvu, mmoja akikimbia mchezo umekwisha, na mshindi hurudishwa nyumbani kwa shangwe. Wafaransa wanauelewa uhusiano huu: kusini mwao, Arles na Nîmes, nchi ya mizabibu ndiyo nchi ya michezo ya ng'ombe, na mwongozaji huuza vyote viwili kwa tiketi moja.

Kwa hiyo siku moja ya kuongozwa Khayega si ndoto ya mbali. Mgeni aanze uwanjani alfajiri. Aende Ilesi akaone chungu kikifinyangwa na jiwe likilia. Mchana apite Mukumu asikie namna wamisionari walivyogawanyika kuhusu kinywaji. Alasiri aketi kwa mpishi mwenye leseni, aonyeshwe wimbi lililochipua, aonje unga uliokaangwa kabla haujaingia mtungini, kisha apewe mrija na funda la busaa ya siku ya pili na ya siku ya tatu, ajue tofauti. Tanzania imeonyesha kwamba kinywaji huweza kubeba jina la mahali hata kikiwa kigeni: mizabibu iliyopandwa na wamisionari Wapasionisti huko Bihawana mwaka 1957 imeifanya Dodoma ijulikane kwa divai yake.

Kupendekeza hivi si kufumba macho mbele ya ulevi. Familia za Khayega zinajua gharama yake kuliko mtu yeyote wa Nairobi. Ufaransa nayo inajua; ilikuwa na sheria ya kuadhibu ulevi wa hadharani tangu 1873, na tangu 1991 ina sheria ya Évin inayobana matangazo ya pombe. Iliweza kubana unywaji na kulinda ufundi kwa wakati mmoja, kwa kuwa ilivitambua kuwa mambo mawili.

Kinachohitajika Khayega kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja: leseni ndogo ya kaunti kwa ajili ya busaa inayonywewa pale ilipopikwa, inayotolewa kwa vikundi vya wapishi badala ya kiwanda, kipimo cha sampuli cha mara kwa mara ili methanoli isipate pa kujificha, umri na saa za kunywa kama sheria ya nchi inavyotaka, na alama ya pamoja ya biashara inayosema busaa hii ni ya Isukha, imetengenezwa kwa kimea cha wimbi, kwa njia hii na si nyingine. Masharti hayo wapishi wanayajua tayari kichwani, kama wakulima wa Châteauneuf-du-Pape walivyoyajua yao kabla hayajaandikwa. Kwa zaidi ya miaka 100 busaa imetungiwa kanuni na maofisa wa wilaya, wamisionari, mabaraza, marais na wabunge. Waliobaki nje ya kikao kila mara ni wanaojua kuipika. Burgundy ilipata barabara yake baada ya wakulima kupewa kiti mezani, na Bunge la Kaunti ya Kakamega halihitaji ruhusa ya mtu yeyote kutoa kiti kama hicho.